Usiwe Mwewe

Kitendawili!

Tega!

Nyumba yangu haina mlango.

Naona mikono yote iko juu. Ndiyo, ni yai. Kitendawili hiki hata babu zenu walikikuta. Lakini hamjaniuliza swali linalofuata: kama nyumba haina mlango, aliye ndani hutokaje?

Huutoboa mwenyewe. Juu ya mdomo wa kifaranga ambaye hajaanguliwa huota kijipembe cheupe, kidogo kuliko punje ya mtama, ambacho wataalamu hukiita jino la yai. Halitafuni kitu. Kazi yake ni moja tu, kulivunja ganda. Kifaranga hugonga, akapumzika, akajigeuza kidogo, akagonga tena, mpaka awe amekata duara kuzunguka upande mpana wa yai. Halafu hujikaza, akasukuma kifuniko, akaanguka nje amelowa chapachapa. Kazi hiyo inaweza kumchukua saa nyingi, pengine siku nzima. Ukimwona anahangaika, usimsaidie. Mishipa yake midogo ya damu inaweza kuwa bado imeshikana na utando wa ndani, na ukimbandua ganda kwa pupa utamtoa damu. Siku chache baadaye lile jino hudondoka lenyewe, na hakuna anayeliokota.

Tena, kabla hajatoka, huwa ameshaanza kuongea. Ndani ya yai, upande ule mpana, kuna nafasi ndogo ya hewa. Siku moja hivi kabla ya kuanguliwa kifaranga hutoboa utando, akaingiza mdomo humo, akavuta pumzi yake ya kwanza, akaanza kulia: piu, piu. Litegee yai sikio utamsikia. Mama aliyelilalia humsikia kabla yako, naye humjibu kwa sauti nzito ya kooni, ko, ko, ko, polepole. Kwa hiyo siku kifaranga anapouona mwanga, sauti ya mama si ngeni kwake.

Mama huyo sasa tumpe jina. Tumwite Madoa, na makao yake yawe Mfangano.

Mfangano ni kisiwa cha Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Homa Bay, na katikati yake umesimama mlima. Kutoka Mbita unapanda boti, unaviacha visiwa vya Rusinga na Takawiri nyuma yako, unashuka Sena. Wenyeji wake ni Abasuba, ambao wengi wao siku hizi huzungumza Kijaluo. Ukitembea kutoka boma hadi boma utakuta kuku wanachakura uani, chini ya migomba, kando ya nyavu zilizoanikwa. Madoa ni mmoja wao, kuku wa hadithi lakini wa kienyeji halisi: mweusi mwenye madoa meupe, miguu myembamba, hasira karibu. Ameyalalia mayai yake nyuma ya mlango wa jikoni kwa siku 21, akitoka mara chache tu kunywa maji na kula, na sasa ana vifaranga tisa chini ya mbawa.

Asubuhi anawatoa nje. Na huko nje yuko mwewe.

Pwani ya ziwa, mwewe hatafutwi. Wavuvi wanapotua na omena na mbuta, matumbo ya samaki yakatupwa mchangani, mwewe hujaa angani wakizunguka, mikia yao yenye panda ikigeuka huku na huku kama usukani. Kwa Kijaluo huitwa otenga. Samaki wakiwepo, mwewe hula samaki. Wasipokuwepo, hukumbuka kwamba juu ya kila ua kuna njia, na kwamba kifaranga wa siku tatu hana mwiba wala magamba.

Mtazame Madoa sasa, kwa makini. Anachakura, kichwa chini, lakini jicho moja liko juu. Macho ya kuku yako kwenye mashavu, moja huku na jingine kule, kwa hiyo akiinamisha kichwa upande kidogo anaweza kutazama punje kwa jicho hili na anga kwa jicho lile. Kivuli kikipita, hutoa sauti moja nyembamba, ndefu, ya kuburuta, kisha hunyamaza na kuganda. Vifaranga hawamuulizi ni nini. Walio karibu hujichomeka chini ya mbawa, walio mbali hulala kifudifudi majanini wasitikisike.

Dakika chache baadaye anatokea paka. Hapo Madoa hapigi sauti ile ya kwanza. Sasa ni kelele ya kukatakata, ko-ko-ko-KOO, tena na tena, shingo imenyooka, kila mtu mtaani asikie. Wataalamu wa lugha za wanyama wamerekodi sauti hizi mbili na kuwachezea kuku kanda hizo bila kuwaonyesha adui yeyote. Kuku wakisikia sauti ya adui wa angani huchutama na kutazama juu. Wakisikia ile ya adui wa ardhini husimama wima na kuangalia pande zote. Madoa basi hapigi tu kelele za hofu. Anataja adui ametoka wapi. Siku mama akikutuma ukawatishe mwewe, kaa kwanza usikilize, maana kuku atakuwa amekutangulia kwa taarifa.

Hofu hii ya juu ni ya kale mno. Kuku wetu wote, wa Mfangano, wa Mombasa, wa London, wametokana na kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Watu wa huko walianza kumfuga kama miaka 3,500 iliyopita, pengine kwa sababu alifuata mpunga na mtama uliomwagika mashambani. Baadaye alisafiri na mabaharia kuvuka Bahari ya Hindi, na kwa njia ya Misri na bonde la Nile, mpaka akafika kwetu. Alikuja na tabia zake zote za msituni: kulala juu usiku, kuoga vumbi, kuchakura, na kuogopa chochote kinachomshukia kutoka juu.

Sasa nyoosheni mikono mnionyeshe mnavyomshika kifaranga. Haya, kila mtu. Mmeona? Nyote mkono umetoka juu, vidole vimetawanyika, ukashuka kwa kasi. Mwewe hufanya hivyo hivyo. Halafu mnashangaa kwa nini kuku wenu wanakimbia!

Anayetaka kuku rafiki aanzie hapo, kabla hajauliza bei ya aina yoyote ile. Keti chini. Weka mkono ardhini, kiganja kikitazama juu, na ndani yake punje chache za mtama au chembe za omena mkavu. Usimfuate. Subiri. Wa kwanza kuja huwa yule mchoyo, na wengine wakiona anakula watamfuata. Ukishazoeleka, mwinue kwa mikono miwili kutoka chini, miguu yake ikiwa imekanyaga kiganja, maana kuku asiyehisi kitu miguuni hudhani anaanguka. Sema naye kwa sauti moja kila siku, neno lile lile kabla ya chakula. Baada ya muda utalisema neno bila chakula na bado watakuja mbio, ingawa nakushauri usiwadanganye mara nyingi, watakususa.

Mapema ni bora kuliko baadaye. Mwaka 1873 Mwingereza mmoja, Douglas Spalding, aliandika jinsi alivyowavika vifaranga vikofia vilivyowafunika macho mara tu walipotoka kwenye yai. Aliowavua katika siku za mwanzo walimfuata yeye kila alikokwenda, kana kwamba ndiye aliyewatamia. Aliowaacha gizani mpaka karibu siku ya nne, alipowavua walimkimbia kwa hofu kubwa. Kuna mlango moyoni mwa kifaranga, nao haukai wazi kwa muda mrefu. Kazi ya namna hii iliendelezwa baadaye na Konrad Lorenz wa Austria, aliyefuatwa na makinda ya bata bukini mpaka majini, na mwaka 1973 alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kuchunguza tabia za wanyama.

Hapa ndipo panapozuka shida, na ni shida ya kweli, si ya hadithi. Kifaranga akilelewa na Madoa, atamfuata Madoa, atajifunza kwake kipi huliwa na kipi hukimbiwa, lakini wewe atakuona mgeni. Kifaranga akilelewa na wewe kwenye katoni, atakupanda begani na kusinzia hapo, lakini siku atakayotoka uani hatakuwa na wa kumwambia mwewe anakuja. Wewe uko shuleni.

Watu wengi hudhani jibu ni kununua aina iliyo pole tangu kuzaliwa. Basi tuzitazame aina, ingawa siwezi kuzimaliza zote.

Kuku wa kienyeji kama Madoa hutaga mayai machache, mara nyingi 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa sababu kila baada ya kutaga kidogo hukaa kuyalalia, kisha hulea. Ni mwepesi, hujitafutia, na ana macho makali. Upole si sifa yake ya kwanza. Akiwa na vifaranga atakudonoa hata wewe unayemlisha.

Kuku walioboreshwa ni hadithi nyingine. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, KALRO, huzalisha kule Naivasha kuku wa kienyeji walioboreshwa. Kuroiler alitoka India, akapitia Uganda, akaenea kwetu. Rainbow Rooster naye ni wa India. Sasso asili yake Ufaransa. Hawa wanaweza kutaga mayai 150 na zaidi kwa mwaka, hukua haraka, na kwa kawaida kuku mzito huwa mtulivu kuliko kuku mwepesi, kwa hiyo mtoto huweza kuwazoea upesi. Ila wengi wao wamesahau kulalia mayai. Kuroiler hutaga, akaondoka zake, kana kwamba yai si lake. Na mzito huyo huyo, mwewe akija, hukimbia kama mzito.

Ukiuliza wafugaji wa Ulaya na Marekani kuku gani ni rafiki wa watoto, watakutajia Silkie, Orpington na Brahma. Orpington alitengenezwa na William Cook katika kijiji cha Orpington, Uingereza, mwaka 1886. Ana manyoya mengi na haraka hana. Brahma ni jitu lenye manyoya hadi vidoleni. Silkie ndiye wa ajabu kuliko wote: ngozi yake nyeusi, vidole vyake vitano badala ya vinne, na manyoya laini yasiyoshikana, ndiyo maana hawezi kuruka wala mvua haimtiririki. Nairobi wapo wanaowafuga kwa urembo, wakawauza ghali. Ni wapole kweli. Mpeleke Silkie mweupe Mfangano, mwachie uani alasiri moja mwewe wakiwa na njaa, kisha mvua ya ziwani imkute njiani! Na kishungi chake kinamfunika macho kwa juu, pale pale adui anapotokea. Mimi nisingemnunua kwa ua usio na wavu, hata angekuwa mpole kama nini.

Ninayempenda mimi watu humcheka. Ni kuku shingo uchi, ambaye shingo yake haina manyoya, nyekundu tupu. Manyoya machache mwilini humsaidia kupoa, na joto la ziwani kila mtu analijua. Wapo wa kienyeji wa namna hiyo katika maboma mengi, huna haja ya kuwaagiza kutoka mbali. Kuchi wa pwani, yule mrefu mwenye shingo ya kiburi, mwache pwani. Jogoo wake amezaliwa na ugomvi.

Kwa hiyo utachagua nini? Akina mama wengi wafugaji wamekwisha kulijibu swali hili bila kitabu: watoto wa aina moja, mama wa aina nyingine. Unaagiza vifaranga wa siku moja wa aina iliyoboreshwa, unamwachia kuku wa kienyeji awalee.

Inawezekana vipi kifaranga wa siku moja asafiri kutoka Naivasha hadi kisiwani bila kula? Ni kwa sababu ya kiini cha yai. Muda mfupi kabla ya kuanguliwa, kifaranga hukivuta kiini kilichobaki kikaingia tumboni mwake, nacho humlisha kwa siku mbili, hata tatu. Mama wa porini hukaa juu ya kiota muda huo akiwangoja waliochelewa, na walioanguliwa mapema hawafi njaa. Wafanyabiashara wamelitumia jambo hilo hilo: katoni yenye matundu, ndani vifaranga wamebanana kiasi cha kupeana joto, ikapanda matatu mpaka Mbita, kisha boti. Mkiipokea katoni, msiikalishe juani kwenye boti, wala msiifunike kwa turubai la plastiki eti mawimbi yasiwalowanishe. Hewa kwanza.

Sasa turudi nyuma kidogo, kabla Madoa hajawatoa wanawe nje. Hatakiwi kuona mnachofanya. Mngoje usiku wa siku mayai yake mwenyewe yanapoanguliwa, giza limeingia, amelala. Mtu mzima na mtoto mmoja wanatosha, na tochi iwe ya mwanga hafifu. Chukua kifaranga mmoja, mpitishe kwa nyuma, chini ya bawa, taratibu. Madoa atanguruma kidogo kooni. Ngoja. Atulie. Weka wa pili. Usimpe zaidi ya anaoweza kuwafunika. Kuku wa kienyeji mwenye mwili wa wastani akiwa na 12 hivi amejaa. Alfajiri uwe umeamka kabla yake, kwa sababu huwa inatokea kuku akamwona mtoto wa rangi ngeni kabisa akamdonoa. Akifanya hivyo, mtoe huyo mara moja. Lakini wageni waliolala chini yake usiku kucha, wakalia naye akawaitika, mara nyingi asubuhi hutoka nao wote, na ole wake paka atakayewakaribia.

Kabla ya siku hiyo, kiota chake kinyunyizie majivu makavu, maana mama anayekaa siku 21 mahali pamoja hukusanya chawa na utitiri, na hao hawabagui mtoto wa kambo.

Kama hakuna kuku anayelalia, basi mama ni wewe, na hapo unahitaji bruda, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga. Katoni kubwa au boma la duara la karatasi ngumu litatosha. Duara kwa sababu vifaranga wakiogopa hukimbilia pembeni na kulaliana, wa chini wakafa. Tandaza maranda ya mbao au pumba kavu. Joto linaweza kutoka kwenye balbu, au chungu cha udongo chenye makaa yaliyokwisha kushika, kilichozungushiwa wavu. Makaa ni kazi ya mtu mzima, na dirisha liwe wazi, kwa sababu moshi usioonekana wa makaa unaua watu sembuse kuku. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka nyuzijoto 32 hadi 35, kisha unapunguza kama 3 kila wiki mpaka waote manyoya.

Huna kipimajoto? Unao wenyewe, wako ndani ya katoni. Wakijazana chini ya joto na kulia kwa sauti kali, wanaona baridi. Wakikimbilia kingoni, midomo wazi, vibawa vimeachana na mwili, wanaungua. Wakiwa wametawanyika, huyu anakula, yule amelala ubavu na mguu mmoja umenyooka nyuma (utadhani amekufa, usimtikise), na sauti zao ni za chini za kuridhika, acha kila kitu kilivyo. Upepo wa ziwani hubadilika usiku, kwa hiyo wachungulie kabla hujalala.

Maji uyaweke kwenye chombo kifupi chenye vijiwe ndani, wasije wakazama. Wa kwanza mchovye ncha ya mdomo majini ili ajue, wengine watamwiga. Na kila siku mgeuze kila mmoja umtazame nyuma. Msicheke. Kinyesi kikikauka pale kikaziba, kifaranga hufa tumbo limejaa. Kitambaa na maji ya vuguvugu, unalainisha, unafuta, basi.

Chakula cha vifaranga kinauzwa kwenye duka la agroveti, na wiki za kwanza ndicho bora kama mfuko unaruhusu. Wakikua, kisiwa kinasaidia. Omena aliyesagwa ana protini nyingi, ndiyo maana sehemu kubwa ya omena wa Kenya huishia kwenye chakula cha mifugo. Chekecha mchanga kwanza, na usimpe kuku omena mtupu. Kumbuka kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaliane, na bei hupanda, kwa hiyo hifadhi mapema au utafute mchwa. Mchwa hutegwa hivi: jaza chungu kikuukuu nyasi kavu na mavi ya ng'ombe yaliyoloweshwa, kipindue juu ya tundu la mchwa jioni, asubuhi kifunue mbele ya kuku. Hakuna neno utakalowaita nalo likawaleta haraka zaidi ya hilo.

Watu wengine hapa Kenya hupaka vifaranga rangi ya zambarau au waridi ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula. Wanapendeza, sikatai. Ila mwewe ni ndege mwenye akili, naye akishaonja mmoja wa zambarau, rangi itakuwa imegeuka kibao cha hoteli. Mimi naamini zaidi tenga lililopinduliwa, wavu mkuukuu wa uvuvi uliotandazwa juu ya ua, na vichaka vya kujifichia. Wavu mkuukuu Mfangano haukosekani.

Kuna adui mwingine asiye na mbawa wala makucha. Anaitwa kideri. Ni ugonjwa wa virusi, hupindisha shingo za kuku, huwaharisha kijani, na ukiingia kwenye boma unaweza kuwamaliza karibu wote kwa siku chache. Kisiwa kingeweza kuwa ngome, lakini virusi hupanda boti pamoja na kuku wa sokoni, tena bila nauli. Chanjo yake ni ya bei nafuu, tone moja kwenye jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi michache kama afisa wa mifugo atakavyoelekeza. Kuku mgeni, hata awe zawadi ya shangazi, akae peke yake wiki mbili kwanza. Na wewe, ukishamaliza kumbembeleza kifaranga, nawa mikono kwa sabuni, wala usimbusu: kuku mzima kabisa anaweza kubeba vijidudu vya kukuharisha wewe.

Tumrudie Madoa. Wiki zimepita, wanawe wa kuzaa na wa kupewa wameota manyoya, na wewe umekuwa ukiketi uani kila jioni, kiganja ardhini. Wanakuzoea kwa sababu yeye amekuzoea, akitulia, nao hutulia. Wale wazito walioboreshwa ndio wa kwanza kukupanda gotini. Wa kienyeji wanabaki hatua moja nyuma, jicho moja juu.

Siku moja Madoa atawadonoa na kuwafukuza. Usimwone katili, anataka kutaga tena. Hapo watoto huanza kupangana wenyewe nani mkubwa. Mvulana mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliwatazama kuku tangu akiwa mdogo, akaandika daftarini nani anamdonoa nani. Aligundua kwamba A humdonoa B, B humdonoa C, na C hathubutu kumgusa yeyote kati yao. Alipokua akayafanyia kazi maandishi yake, na mwaka 1921 akaandika tasnifu ya udaktari juu ya jambo hilo. Nawe jaribu: daftari la kurasa 96 linatosha kuanzia. Wavishe nyuzi za rangi miguuni uwatofautishe, na uzilegeze kila wanapokua.

Ukiandika vizuri, baada ya miezi miwili hivi utaanza kuwatambua majogoo: upanga mwekundu kichwani, manyoya membamba yenye ncha shingoni, ubishi usio na sababu. Karibu nusu ya vifaranga wako watakuwa hao. Boma moja halihitaji majogoo sita. Mmoja atabaki, mwingine ataliwa siku ya mgeni, wengine watauzwa, na hela huenda ikanunua madaftari au ikaongezwa kwenye karo. Kwa hiyo ukishampa jogoo jina, ukamfundisha kulala kwenye mapaja yako, na hutaki aende, mwambie mama mapema kabisa, wala usingoje asubuhi ya soko wakati miguu yake imeshafungwa na boti la Mbita linanguruma. Mama atakuuliza: na chakula chake utakitoa wapi? Uwe na jibu.